CHAPA ZA UBAO NA KILIO CHA ARDHI

Miongoni mwa kazi za mikono zinazomwezesha binadamu kutoa yaliyo moyoni mwake, uchapaji wa picha una tabia yake ya pekee. Mchoraji wa rangi hutengeneza picha moja, na aghalabu picha hiyo hununuliwa na mtu mmoja mwenye uwezo ikatundikwa katika sebule moja. Mchapaji naye huchonga ubao mmoja, akaupaka wino, akaukandamiza juu ya karatasi, kisha akalirudia tendo hilo mara hamsini au mara mia. Kwa njia hiyo neno alilokusudia kulisema huingia katika nyumba nyingi, katika shule, katika zahanati na katika bwalo la askari. Ndiyo sababu, tangu zamani, watu waliokuwa na jambo zito la kuwaambia wenzao, hasa wenzao wasiojua kusoma, walikimbilia patasi na wino.

Siku hizi jambo zito linalosemwa kwa njia hiyo ni mabadiliko ya hali ya hewa ya dunia, ambayo wataalamu wa lugha wameyapa jina la mabadiliko ya tabianchi. Mvua huchelewa, kisha zikaja kwa kishindo. Mito hufurika mahali pasipojulikana kwa mafuriko, na jua hukausha mashamba yaliyokuwa yakisifika kwa rutuba. Mambo hayo huelezwa kila mwaka kwa tarakimu na takwimu katika mikutano mikubwa, lakini tarakimu hazikai moyoni mwa mtu kama ikaavyo picha. Ni katika pengo hilo, kati ya tarakimu na moyo, ambapo wachapaji wa picha wamejipatia kazi.

JINSI CHAPA INAVYOTENGENEZWA

Kazi yenyewe si vigumu kuifahamu. Fundi huchukua ubao laini uliopigwa randa, akauchorea picha yake, kisha akachonga kwa patasi sehemu zote ambazo hataki zionekane. Sehemu zilizochongwa hubaki chini, wala wino hauzifikii. Sehemu zilizoachwa huinuka kama matuta ya shamba, na hizo ndizo zinazopokea wino. Karatasi ikiwekwa juu yake na kukandamizwa, picha hutokea. Yule asiye na mashine ya kukandamizia hutumia mgongo wa kijiko, akisugua polepole mpaka wino ushike. Kwa kuwa picha hutokea kwa kugeuka, kulia kuwa kushoto, maneno yote hayana budi kuchongwa kinyumenyume.

Iko njia nyingine ya kutumia mabamba ya madini, kama vile shaba au zinki, ambayo huliwa na asidi mahali palipochorwa. Katika njia hiyo wino hukaa ndani ya mifereji, na karatasi iliyoloweshwa kidogo huuvuta utoke inapopitishwa katika mashine.

Uwezo wa sanaa hii wa kusema na umma ulidhihirika katika nchi nyingi. Katika China, mwaka 1931, mwandishi mashuhuri Lu Xun aliandaa mjini Shanghai mafunzo ya kuchonga chapa za ubao kwa ajili ya vijana, kwa kuwa aliona kuwa vifaa vyake ni rahisi na picha zake humfikia mtu wa kawaida. Katika Mexico, mwaka 1937, wasanii walianzisha karakana ya pamoja iliyochapa mabango na vikaratasi vya kueleza shida za wakulima na wafanyakazi. Uganda nayo inaujua uwezo wa picha iliyochapwa. Tangu nusu ya pili ya miaka ya 1980, mabango ya kuonya juu ya UKIMWI yalibandikwa kotekote nchini, na ingawa hayo yalitoka katika mitambo mikubwa, yaliwafunza watu jambo lile lile walilolifahamu wachongaji wa mbao: kwamba onyo lililotundikwa ukutani humsemesha kila apitaye, asubuhi na jioni, bila kuchoka.

MZEE WA NIGERIA NA JANGWA LINALOTEMBEA

Kati ya wachapaji wa Afrika waliolia mapema na uharibifu wa ardhi yuko Bruce Onobrakpeya wa Nigeria. Alizaliwa mwaka 1932 huko Agbarha-Otor, katika nchi ya mito ambayo sasa ni Jimbo la Delta, akasomea sanaa katika chuo cha Zaria, kaskazini mwa Nigeria. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 alihudhuria mafunzo ya uchapaji yaliyoendeshwa Ibadan na Osogbo, na tangu hapo akaishikilia kazi hiyo.

Habari moja ya maisha yake inafaa kukumbukwa na kila mwenye karakana. Mwaka 1967, asidi isiyofaa iliyaharibu mabamba yake ya zinki, ikayatoboa na kuyalalua. Fundi mwingine angeyatupa jalalani. Onobrakpeya aliyahifadhi, na baadaye akayaziba matundu kwa gundi ngumu. Alipoyachapa aligundua kuwa ile gundi iliyovimba imeacha alama za kupendeza ambazo patasi isingeweza kuzitoa. Kutokana na bahati hiyo alibuni namna yake mwenyewe ya uchapaji, akaiita plastografu, na sifa yake ikaenea. Mwaka 2006 alitambuliwa kuwa hazina hai ya utamaduni, kwa mpango ulioasisiwa na UNESCO.

Kati ya mwaka 1984 na 1988 mchapaji huyo aliielekeza kazi yake katika mfululizo wa picha alizozipa jina la Vinyago vya Saheli. Saheli ni ule ukanda wa nchi kavu ulio kusini mwa jangwa la Sahara, kuanzia Senegal mpaka Sudan. Ukanda huo ulipatwa na ukame mkubwa katika miaka ya 1972 na 1973, na tena 1983 na 1984. Mifugo ilikufa kwa makundi, na watu wasiohesabika walihama makwao. Ziwa Chad, ambalo katika miaka ya mwanzo ya 1960 lilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 25,000, lilinywea mpaka likabaki sehemu ndogo tu ya ukubwa wake wa awali.

Mtu angeweza kuuliza kwa nini mwana wa nchi ya mito alijishughulisha na vumbi la jangwa. Jibu ni kwamba upepo haujui mipaka. Kila mwaka, katika majira ya kiangazi, upepo uitwao Harmattan huchukua vumbi la Sahara na kulimwaga juu ya Nigeria yote, hata pwani. Onobrakpeya aliona kuwa janga la kaskazini ni janga la kusini pia. Akatumia vinyago kwa sababu katika sehemu nyingi za Afrika Magharibi mcheza kinyago huchukuliwa kuwa sauti ya wazee waliotangulia, na sauti hiyo husikilizwa hata na mtu mkaidi. Mwaka 1998 alifungua huko Agbarha-Otor karakana ya kila mwaka ya kuwafunza wasanii wenzake, akaipa jina la upepo ule ule, Harmattan.

Haifai kudai kuwa mchapaji ni mpimaji wa hali ya hewa. Wataalamu wamekwisha kueleza kuwa ukame wa Saheli wa miaka ile ulisababishwa zaidi na mabadiliko ya joto katika bahari kubwa, na kwamba tangu miaka ya 1990 mvua zimerudi kwa kiasi fulani. Hata hivyo, walinzi wa lindo wanajua kuwa mtu apigaye kengele hapimi ukubwa wa moto. Kazi yake ni kuwaamsha waliolala, ili wenye vipimo na wenye ndoo waje. Picha za Vinyago vya Saheli zilipigwa kama kengele hiyo, katika wakati ambapo ni watu wachache sana waliokuwa wakizungumza habari za kuharibika kwa hali ya hewa.

YALIYOIFIKA UGANDA

Katika Uganda kengele hiyo imekwisha kupigwa na ardhi yenyewe. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, mteremko wa Mlima Elgon uliporomoka juu ya Nametsi katika wilaya ya Bududa. Nyumba, maduka na zahanati vilifunikwa na udongo. Maiti zilizopatikana zilikaribia mia moja, na mamia ya watu wengine hawakuonekana tena. Askari wa jeshi na wanakijiji walichimba kwa majembe na sepetu, kwa kuwa mitambo mikubwa haikuweza kupanda mlima ule. Wengi wa waliochimba walikuwa baba wa watoto, na walilolikuta chini ya udongo ule si jambo la kusahaulika. Mwezi Oktoba 2018 maporomoko mengine yaliua watu zaidi ya arobaini katika wilaya hiyo hiyo.

Upande wa magharibi, mto Nyamwamba ulifurika mwezi Mei 2013 na tena mwezi Mei 2020, ukaiharibu hospitali ya Kilembe na makazi ya Kasese. Juu ya mto huo iko milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake kimefunikwa kwa barafu ingawa iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mwaka 1906 barafu hiyo ilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo sita na nusu. Ilipopimwa mwaka 2003 ilikuwa haifikii kilomita moja ya mraba, na tangu hapo imezidi kuyeyuka.

Sababu za maafa hayo haziko mahali pamoja. Joto la dunia limeongezwa zaidi na moshi wa viwanda na magari ya nchi tajiri. Afrika nzima hutoa chini ya sehemu moja katika kila ishirini ya hewa chafu inayolaumiwa. Lakini mteremko uliovuliwa miti huporomoka upesi kuliko mteremko wenye mizizi, na miti hiyo haikukatwa na watu wa ng'ambo. Mwaka 1990 misitu ilifunika karibu asilimia 24 ya ardhi ya Uganda. Kufikia mwaka 2015 ilibaki karibu asilimia 9. Zaidi ya nyumba tisa katika kila kumi hupika kwa kuni au makaa. Mwezi Mei 2023 amri ya Rais ilipiga marufuku biashara ya makaa kaskazini mwa nchi, na vyombo vya usalama vikatakiwa kuisimamia. Kwa hiyo askari anayesimamisha lori la makaa barabarani hurudi jioni nyumbani kwake, akakuta chakula kimepikwa kwa makaa. Jambo hilo si la kuchekwa. Linaonyesha tu jinsi shida hii ilivyoingia mpaka jikoni.

UBAO UNAOJIMALIZA

Mchapaji wa Uganda ajulikanaye sana nje ya nchi ni Fred Mutebi, aliyesomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Makerere. Chapa zake zina rangi nyingi, nazo huzitengeneza kwa njia ambayo kila mwenye kuihofia kesho ya nchi yake angefaa kuielewa.

Wachapaji wengi wakitaka rangi tano huchonga mbao tano. Katika njia anayoitumia Mutebi, ubao ni mmoja tu. Kwanza fundi huchonga sehemu zitakazobaki nyeupe, akaupaka ubao rangi hafifu, tuseme manjano, na kuchapa karatasi zote anazozihitaji. Kisha huurudia ubao ule ule, akachonga sehemu zitakazobaki za manjano, akapaka rangi ya pili na kuchapa tena juu ya karatasi zile zile. Huendelea hivyo, rangi baada ya rangi, kutoka iliyo hafifu mpaka iliyo nzito. Kila hatua humla ubao. Mwishowe hubaki vijisehemu vichache tu vilivyoinuka, na picha imekamilika.

Kwa njia hiyo, hakuna kurudi nyuma. Kama fundi alianza na karatasi thelathini, ya thelathini na moja haitapatikana milele, kwa maana ubao uliochapa manjano haupo tena. Akikosea katika rangi ya tatu hawezi kuirudisha ya pili. Ndiyo sababu mafundi wa njia hii hukaa muda mrefu na ubao wao kabla ya kuutia patasi. Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki, na katika karakana msemo huo ni kanuni ya kazi.

Barafu ya Rwenzori ni ubao wa namna hiyo. Vivyo hivyo udongo wa juu wa mlima wa Bududa, ambao ulichukua karne nyingi kujiumba na saa chache kuporomoka.

MTI UNAOJIPONYA

Lakini Mutebi hakuishia katika kuonya. Katika nchi ya Buganda kuna mti uitwao mutuba, ambao gome lake ndilo hutengenezewa nguo ya kale iitwayo lubugo. Mafundi hulibandua gome wakati wa mvua, wakalichemsha au kulipitisha motoni, kisha wakalipondaponda kwa nyundo za mbao zenye mistari mpaka likatanuka na kuwa laini kama kitambaa. Baadaye huanikwa juani likapata rangi ya udongo mwekundu. Kazi hiyo ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi bora wa binadamu.

Linalostaajabisha ni kwamba mti haufi. Shina lililovuliwa gome hufungwa kwa majani ya migomba, kama jeraha lifungwavyo, na gome jipya huota. Mti mmoja uliotunzwa vema huweza kuvunwa kila mwaka kwa muda wa miaka arobaini. Wakati wote huo mizizi yake hushika udongo, na kivuli chake huilinda mibuni na migomba iliyopandwa chini yake. Mutebi amefanya kazi na wakulima wa Bukomansimbi, karibu na Masaka, akiwahimiza kuipanda tena miti hiyo iliyokuwa ikitoweka mashambani, na kulifanya gome lake kuwa mali ya wasanii na mafundi. Mkulima mwenye sababu ya kuuza gome ana sababu ya kutokata mti.

PICHA HAIZUII MAFURIKO

Wako wasemao kuwa picha ni pambo tu, na kwamba hakuna mafuriko yaliyozuiwa na wino. Wanasema kweli kwa nusu. Karatasi iliyotundikwa ukutani haishiki udongo wa mlima. Walakini mabadiliko ya hali ya hewa yana hila moja kubwa: huenda polepole kuliko kumbukumbu ya mtu. Mtoto aliyezaliwa Kasese mwaka huu atadhani kuwa barafu kidogo aionayo ndiyo iliyokuwako siku zote. Mlima uliovuliwa miti kwa miaka thelathini humwonekea kuwa ndivyo ulivyoumbwa. Mchapaji huweza kuweka jana na leo katika karatasi moja, zikatazamana, na mtazamaji akaona kwa dakika moja jambo ambalo macho yake yalilikosa kwa miaka mingi. Mtu hawezi kukililia kitu asichojua kuwa alikuwa nacho.

KAZI YA NYUMBANI

Sanaa hii haihitaji karakana kubwa. Jamaa za askari walio kambini wanaweza kuifanya na watoto wakati wa likizo, kwa vitu vilivyomo nyumbani. Kwa watoto wadogo hutosha kiazi mviringo kilichokatwa katikati. Kwa wakubwa hufaa soli ya kandambili kuukuu, ambayo hukatika kwa urahisi na huweza kugundishwa juu ya kipande cha ubao. Wino hutengenezwa kwa masizi ya sufuria yaliyopepetwa, yakachanganywa na uji mzito wa unga wa muhogo mpaka upate kunata. Wino hupakwa kwa kitambaa kilichokunjwa, usiwe mwingi, usije ukajaza mifereji. Karatasi huwekwa juu yake na kusuguliwa kwa mgongo wa kijiko, kisha huinuliwa kwa kuanzia pembeni. Mzazi hana budi kuwa karibu wakati wote wa kukata, na kisu daima kielekezwe mbali na mkono unaoshika.

La kuchapa halikosekani. Kila mtoto na amwulize babu au bibi yake jinsi kilima cha kwao kilivyokuwa alipokuwa kijana: palikuwa na miti gani, kisima kilikuwa wapi, mto ulivukwa kwa daraja au kwa miguu. Hayo na yawe picha ya kwanza. Picha ya pili na iwe kilima hicho hicho kilivyo leo. Chapa hizo mbili zikitundikwa pamoja karibu na mlango wa jikoni zitamkumbusha mpishi kuloweka maharagwe usiku kucha ili yaive upesi, kufunika sufuria, na kutumia jiko la udongo linalotunza moto. Zitamkumbusha baba mwenye likizo ya kwenda kwao kubeba miche pamoja na sukari na sabuni. Nakala zitakazosalia na zipelekwe shuleni na kwa majirani, kwa maana chapa iliyofungiwa sandukuni imepoteza kazi yake.

Katika mafundisho ya wachapaji hawa wawili mna mambo matatu. Bamba lililotobolewa na asidi liliweza kuzibwa, na likatoa uzuri usiotazamiwa. Mti uliovuliwa gome huota jingine, mradi apatikane mtu wa kuufunga majani. Lakini ubao uliokwisha kuchongwa haurudi, kwa toba wala kwa fedha. Uganda ingali na vilima vilivyo kama lile bamba na vingine vilivyo kama mutuba. Wajibu wa wenye nyumba, wenye mashamba na wenye bunduki za kulinda mali ya taifa ni kuvitambua vilima hivyo mapema, na kuvifunga majani yake kabla patasi haijaingia tena.